Takrolimasi kwa usalama: mwongozo kamili wa kapsuli kwa aliyepandikizwa kiungo na mafuta kwa mwenye pumu ya ngozi

Dawa hii kwenye boksi utaikuta imeandikwa tacrolimus, mimi hapa naiita takrolimasi. Inakuja kwa sura mbili. Kuna kapsuli na vidonge vya kumeza kwa aliyepandikizwa figo, ini au moyo, na kuna mafuta ya kupaka kwa mwenye pumu ya ngozi, ile ambayo wengine wanaita ukurutu au ekzema. Dawa ni ileile ila sheria zake zinatofautiana sana, manake aliyepandikizwa figo akiacha kapsuli siku chache tu anaweza kuipoteza hiyo figo, wakati mwenye pumu ya ngozi akiacha mafuta kitakachotokea ni ngozi kurudi kuwasha. Watu wanasoma onyo la kapsuli alafu wanaogopa kumpaka mtoto mafuta, na wengine ni kinyume, wanameza kapsuli kwa kujiachia kama vile wanapaka losheni, leo saa 2 kesho saa 5, na hawa wa pili ndo wananitia hofu zaidi. Kwa hiyo naanza na kapsuli na nitakaa hapo muda mrefu.

Kwanza ujue inafanya nini mwilini, kwa kifupi tu. Iligunduliwa Japani mwaka 1984, ilitoka kwa bakteria wa kwenye udongo wa eneo la Tsukuba. Ikiingia ndani ya seli inashikana na protini moja, alafu kwa pamoja zinazuia kimeng'enya kinachoitwa kalsinyurini, na bila hicho zile seli T za kinga hazipati amri ya kushambulia. Mwili wako unajua kabisa kwamba figo uliyopewa si yako, na hautakuja kusahau hata miaka 10 ikipita, kinachouzuia usiishambulie ni dawa tu. Ndo maana hamna siku ya kusema nimeshapona sasa naacha.

SEHEMU YA KWANZA: KAPSULI

Hatua ya 1: jua umeshika ipi

Hili ndo kosa linalopita kimyakimya kuliko yote. Takrolimasi za kumeza haziko sawa. Prograf na nyingi zinazofanana nayo zinamezwa mara 2 kwa siku, kila baada ya masaa 12. Advagraf na Astagraf XL zinaachia dawa polepole, zinamezwa mara 1 kwa siku asubuhi. Envarsus nayo ni mara 1 kwa siku lakini inaingia kwenye damu vizuri zaidi kwa hiyo miligramu zake haziendi sawa na hizo nyingine. Sasa fikiria mtu alikuwa na ya mara 1 kwa siku, famasi wakampa ya mara 2 kwa sababu jina la dawa kwenye cheti ni lilelile na miligramu ni zilezile, anaendelea kumeza mara 1, nusu ya siku figo haina ulinzi wa kutosha. Au kinyume, anameza ile ya polepole mara 2 na sumu inajaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga picha boksi lako la sasa, upande wenye jina la kampuni, jina la dawa na miligramu, uiweke kwenye simu. Kila ukipewa boksi jipya linganisha palepale dirishani kabla hujaondoka. Jina la kibiashara likibadilika, au rangi ya kapsuli imebadilika, usimeze kwanza, piga simu kliniki yako ya upandikizaji uulize. Si kwamba dawa za kampuni nyingine ni mbaya, hapana, watu wengi wanazitumia na wako salama, ila kubadilisha kunatakiwa daktari ajue na damu ipimwe tena baada ya kubadilisha.

Alafu angalia vizuri miligramu. Kapsuli nyingi ni za 0.5, 1 na 5, na dozi moja inaweza kuwa mchanganyiko, mfano miligramu 2.5 ni mbili za 1 na moja ya 0.5. Aliyezoea kuhesabu kapsuli badala ya kuhesabu miligramu anapotea siku akipewa za ukubwa mwingine.

Hatua ya 2: saa, na tumbo

Chagua saa ambazo utaziweza kila siku, Jumapili ikiwemo. Wengi wanachukua saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Weka alamu mbili kwenye simu na umwombe mtu mmoja wa nyumbani naye aweke, manake simu inaweza kuzima chaji.

Chakula kinazuia dawa isiingie vizuri, hasa chakula chenye mafuta mengi ambacho kwa Prograf kinaweza kupunguza dawa inayoingia kwa zaidi ya theluthi moja. Meza tumbo likiwa tupu, saa 1 kabla ya kula au masaa 2 hadi 3 baada ya kula. Kama tumbo linakusumbua na daktari amekuruhusu kumeza na chakula kidogo sawa, ila basi iwe hivyo kila siku, usiwe leo unameza na chakula kesho bila chakula, kwa sababu daktari anapanga dozi kwa kuangalia damu yako na wewe ukiwa unabadilisha mazoea majibu yanamdanganya.

Meza kapsuli nzima na maji. Usiifungue wala usiitafune, na vidonge vya kuachia polepole usivikate. Toa kwenye pakiti yake muda huohuo wa kumeza, inaharibika kwa unyevu, kwa hiyo usiihifadhi bafuni. Wanaotumia zile za mara 1 kwa siku wasinywe pombe nazo, pombe inaweza kufanya dawa iachiwe haraka kuliko ilivyopangwa.

Hatua ya 3: kipimo cha damu, hapa ndo kila kitu

Takrolimasi ina nafasi finyu sana kati ya kiwango kinachosaidia na kiwango kinachoumiza. Ikiwa chini mwili unakataa kiungo, ikiwa juu inaumiza figo, hata hiyohiyo figo unayojaribu kuilinda. Na watu wawili wenye uzito sawa wakimeza dozi sawa wanaweza kuwa na viwango tofauti kabisa kwenye damu. Kuna kimeng'enya kwenye ini na utumbo kinaitwa CYP3A5, watu wengi wenye asili ya Afrika wanacho kinachofanya kazi sawasawa, kwa hiyo dawa inavunjwa haraka na wanahitaji dozi kubwa zaidi kufikia kiwango kilekile, mwongozo wa kitaalamu unataja mara 1.5 hadi 2 ya dozi ya kuanzia ya kawaida. Kwa hiyo ukiona mwenzako wodini anameza miligramu 3 na wewe unameza 7 usiogope, na usijilinganishe naye.

Kinachopimwa ni kiwango cha chini kabisa, yaani dawa iliyobaki kabla ya dozi inayofuata. Kwa wa mara 2 kwa siku ni masaa 12 baada ya dozi ya jana usiku, kwa wa mara 1 ni masaa 24. Sasa sikia vizuri: SIKU YA KIPIMO USIMEZE DOZI YA ASUBUHI MPAKA DAMU ITOLEWE. Ibebe mfukoni, toa damu, meza palepale. Mtu akimeza saa 2 alafu akatolewa damu saa 3 na nusu majibu yatatoka juu sana, daktari asipojua atapunguza dozi, na huyo mtu atarudi nyumbani akiwa na dozi ndogo kuliko anayohitaji. Ikitokea umesahau ukameza, sema. Waambie maabara na daktari umemeza saa ngapi, hamna mtu wa kukugombeza, na hata wakikugombeza bora ugombezwe.

Namba zenyewe zinategemea kiungo, muda tangu upandikizwe na dawa nyingine unazotumia. Mara nyingi inalengwa sehemu fulani kati ya nanogramu 5 na 15 kwa mililita, mwanzoni juu kidogo, baadaye inashushwa. Muulize daktari wako lengo lako ni kati ya ngapi na ngapi, uliandike, na kila kipimo andika tarehe, majibu, na dozi uliyokuwa unameza. Daftari la shilingi chache linatosha kabisa. Pamoja na hicho wanapima kreatinini, potasiamu, magnesiamu, sukari na presha. Kreatinini, yaani uchafu wa kwenye damu ambao figo inatakiwa kuutoa, ndo inayosema mapema, kwa sababu figo inaweza kuanza kukataliwa na wewe hujisikii chochote, unakula unatembea vizuri tu. Anayesubiri maumivu ndo aende kliniki anachelewa.

Hatua ya 4: dawa nyingine na matunda

Sheria ni moja, usimeze dawa yoyote mpya, ya hospitali, ya duka la dawa au ya mitishamba, kabla hujaongea na timu yako ya upandikizaji. Na kila mhudumu, awe daktari wa meno au wa macho, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba umepandikizwa na unatumia takrolimasi. Usidhani ameona kwenye faili.

Zinazopandisha takrolimasi juu ni dawa za fangasi kama flukonazoli, ketokonazoli na itrakonazoli, antibayotiki za klarithromisini na erithromisini, dawa za presha na moyo za diltiazemu na verapamili, na ritonaviri ambayo iko kwenye baadhi ya dawa za VVU na kwenye Paxlovid ya korona. Ritonaviri inaweza kuipandisha mara nyingi sana ndani ya siku chache, hiyo si ya kujaribu hata kidogo bila timu yako.

Zinazoishusha ni rifampisini ya kifua kikuu, dawa za kifafa kama fenitoini, karbamazepini na fenobabito, efavirenzi ya VVU, na mmea wa St John's wort ambao watu wanautumia kwa ajili ya huzuni wakidhani ni mtishamba tu hauna neno. Rifampisini ni kali mno kwenye hili, inalifanya ini livunje takrolimasi haraka sana, na wengi wanakumbuka hatari ya kuianza lakini wanasahau hatari ya kuimaliza: ukiwa kwenye rifampisini dozi ya takrolimasi inakuwa imeongezwa sana, siku ukimaliza ile dawa ya kifua kikuu ini linarudi taratibu kwenye hali yake, na dozi ileile kubwa sasa inakuwa sumu. Kwa hiyo damu ipimwe mwanzo na mwisho wa dawa yoyote inayoingiliana, si mwanzo tu.

Za maumivu, ibuprofeni na diklofenaki kaa nazo mbali, zikiungana na takrolimasi zinaibana figo. Homa au kichwa parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ndo wengi wanaruhusiwa, ila homa yenyewe uiripoti kwanza, nitaisema chini. Usinywe virutubisho vya potasiamu wala chumvi mbadala zenye potasiamu bila kuambiwa, manake takrolimasi yenyewe inapandisha potasiamu na ikipanda sana moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Matunda: balungi hapana, juisi yake hapana, na danzi hivyohivyo. Zina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachovunja dawa, na athari yake inakaa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kuliwa asubuhi na dawa kumezwa usiku hakusaidii. Chungwa la kawaida halina shida.

Hatua ya 5: umesahau, umetapika, unaharisha

Umesahau dozi, kama bado uko mbali na ya inayofuata meza ukikumbuka, kama muda wa inayofuata umekaribia sana iache, na usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Kila kituo kina mpaka wake wa masaa, na unatofautiana kwa aina ya dawa, kwa hiyo siku ya kuruhusiwa hospitali omba waandike kabisa, ukisahau mpaka masaa mangapi unameza. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza piga simu, watakwambia urudie au la.

Kuharisha kunashangaza wengi. Mtu anafikiri anaharisha kwa hiyo dawa imetoka, anaongeza dozi mwenyewe. Mara nyingi ni kinyume! Kwa kawaida utumbo unavunja sehemu ya dawa na kuizuia isipite yote, ukiumwa unashindwa kufanya hivyo, inaingia nyingi zaidi kwenye damu, na wakati huohuo maji yamepungua mwilini, kwa hiyo figo inapigwa mara mbili. Ukiharisha zaidi ya siku moja kunywa maji, usiguse dozi, piga simu, omba kipimo.

Hatua ya 6: madhara, yapi ya kusubiri kliniki na yapi ya kukimbia

Mikono kutetemeka, kichwa kuuma, usingizi kuwa mgumu, nywele kupungua, hizi mwambie daktari kliniki ijayo, mara nyingi dozi ikishuka zinatulia. Kutetemeka kukiongezeka ghafla usisubiri, inaweza kuwa kiwango kimepanda. Kiu kali na kukojoa sana ni sukari, takrolimasi inaweza kuanzisha kisukari kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Presha pima nyumbani ukiweza.

Siku hiyohiyo piga simu au nenda: joto kufika 38, mkojo kupungua, miguu au uso kuvimba, maumivu pale kilipowekwa kiungo, macho kuwa ya njano au mkojo mweusi kwa aliyepandikizwa ini. Na dharura kabisa ni degedege, kuchanganyikiwa, au kuona ukungu ghafla pamoja na kichwa kikali, hiyo dawa inaweza kuugusa ubongo, haitokei mara nyingi lakini ikitokea ni ya haraka.

Kinga ikishushwa miaka mingi hatari ya saratani ya ngozi na ya tezi za limfu (limfoma) inaongezeka. Kwa hiyo jua kali vaa kofia na mikono mirefu, paka kinga ya jua, jikague ngozi yote kila mwezi hadi sehemu za siri, na uvimbe shingoni, kwapani au kwenye nyonga usioondoka mwonyeshe daktari. Chanjo zenye kirusi au bakteria hai hazifai, yaani surua, tetekuwanga, homa ya manjano, polio ya matone, BCG. Za mafua ya sindano, nimonia na homa ya ini B hazina vimelea hai, hizo ulizia na upate.

Kwa mama anayetaka mtoto, usiache takrolimasi ukijua una mimba, wajawazito wengi wanaendelea nayo kwa uangalizi wa karibu. Shida kubwa iko kwenye maikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga ambayo wengi wanapewa pamoja na takrolimasi, inaharibu mimba, na inatakiwa ibadilishwe kabla hujashika mimba. Kwa hiyo maongezi yafanyike mapema, kabla.

SEHEMU YA PILI: MAFUTA YA KUPAKA

Haya yaliruhusiwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000. Uzuri wake ni kwamba hayaifanyi ngozi kuwa nyembamba kama steroidi zinavyofanya zikitumika muda mrefu, ndo maana yanapendwa kwa uso, kope, shingo na mikunjo. Ya asilimia 0.03 ni ya watoto wa miaka 2 hadi 15, ya asilimia 0.1 ni kwa kuanzia miaka 16. Chini ya miaka 2 hayapakwi mpaka mtaalamu wa ngozi aamue mwenyewe.

Kabla ya kupaka kagua ngozi. Kama kuna usaha, magamba ya rangi ya asali, au malengelenge, usipake, tibu maambukizi kwanza. Oga, jikaushe, subiri ngozi ikauke vizuri. Paka tabaka jembamba pale penye ugonjwa tu, asubuhi na jioni. Kipimo rahisi ni mafuta yanayotoka kwenye tyubu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza, hayo yanatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Usipake ndani ya pua, mdomoni au ndani ya macho. Usifunike na bandeji ya plastiki. Mafuta yako ya kulainisha ngozi yaache masaa 2 kabla na masaa 2 baada. Nawa mikono ukimaliza, isipokuwa kama mikono ndo inayotibiwa.

Sasa jiandae kwa jambo hili, manake ndo linalofanya wengi watupe tyubu: siku za mwanzo ngozi inaungua na kuwasha, kwa wengine kwa kweli inauma. Si aleji. Kwa wengi inapungua ndani ya wiki moja ngozi inavyotulia. Mtayarishe mtoto kabla, mwambie itachoma kidogo alafu itaisha, usimdanganye kwamba haichomi. Ngozi iliyovimba sana wakati mwingine daktari anaituliza kwanza kwa steroidi siku chache ndo anahamia huku. Mtu mzima akinywa pombe uso unaweza kuwa mwekundu na wa moto, haina madhara ila inashtua.

Onyo la saratani utalikuta kwenye karatasi, Marekani waliliweka mwaka 2006. Lilitokana sana na yanayotokea kwa wanaomeza na kwa wanyama waliopewa dozi kubwa. Kwenye mafuta ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu, na ufuatiliaji wa miaka mingi kwa watoto haujaonyesha saratani kuongezeka. Bado tumia pale panapohitajika tu, punguza jua kali, na usimpake mtu ambaye tayari kinga yake imeshushwa na vidonge mpaka daktari wake aseme, kwa hiyo aliyepandikizwa figo mwenye pumu ya ngozi asiazime tyubu ya mwanaye.

Nafuu inatakiwa ionekane ndani ya wiki ya kwanza. Wiki 2 zikipita bila mabadiliko yoyote rudi, pengine si pumu ya ngozi, inaweza kuwa fangasi au upele. Na vilengelenge vidogo vingi vinavyouma, vinavyoacha vidonda vya duara, pamoja na homa, hicho ni kirusi cha herpesi kimesambaa kwenye ngozi yenye ekzema, acha mafuta na nenda hospitali siku hiyohiyo, hasa vikiwa karibu na macho.

Ngozi ikishatulia usiache ghafla moja kwa moja kama ugonjwa wako unarudi mara kwa mara. Wanaorudiwa mara 4 au zaidi kwa mwaka wanaweza kuendelea kupaka mara 2 tu kwa wiki sehemu zilezile zinazosumbuaga, mfano Jumatatu na Alhamisi, yapite masaa 48 au zaidi kati ya kupaka na kupaka. Ukirudi ugonjwa katikati unarudi kwenye mara 2 kwa siku. Ikifika miezi 12 daktari anaangalia upya, na kwa mtoto anasimamisha kwanza ili aone kama bado anahitaji.